Kiwanja cha Kuona Mto

Mwezi huu nilikusudia kuendelea na habari ya chanjo za watoto wanaokwenda nyumbani likizo, lakini itabidi isubiri. Nyumbani kwangu kuna mjadala wa kiwanja, na mwenye mjadala wa kiwanja hana jingine kichwani.

Mambo yalianza hivi. Jumanne moja saa saba mchana nilikuwa nimeegesha gari karibu na daraja la Wilton, chini ya mji wa Ross-on-Wye, nakula wali wa jana kwenye kibakuli nimekipakata mapajani. Simu ikalia. Mdogo wangu wa Tanga kaniletea picha tatu. Mto Pangani umepigwa kutoka juu ya kilima cha Bweni, maji yametulia, minazi imejipanga, ng'ambo mji wa kale na mapaa yake ya mabati yenye kutu, na kwa mbali bahari inakoanzia. Chini kaandika: "Dada, hiki hapa. Mwenyewe anataka nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji ameshakubali."

Shemeji ameshakubali! Mimi ndiyo kwanza nasikia.

Nikainua macho. Mbele yangu mto mwingine kabisa, Wye, na benchi, na wazee wawili wa Kiingereza wamekaa na mbwa wao wanatazama mabata maji. Wale nao walipigiwa picha kama ile siku moja, nikajisemea. Na mimi ndiye ninayeingia majumbani mwao miaka ishirini baada ya picha.

Kwa wasomaji wapya niseme kwamba mimi ni muuguzi wa kuzunguka majumbani. Diploma nilisomea Tanzania, nikafanya kazi wodini miaka minne, nikaja huku nikaongeza shahada. Tunaishi Hereford, na siku tatu za wiki zamu yangu ni Ross na vijiji vyake. Nafunga vidonda vya miguu, nachoma insulini, nabadilisha mipira ya mkojo, napima presha, nakunywa chai nisiyoitaka. Wagonjwa nitakaowasimulia nimewabadilisha hapa na pale wasitambulike.

Ross ni mji wa watu kama 11,000, katika mkoa wa Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Umejengwa juu ya mwamba mwekundu, na mto unapita chini yake ukijipinda kama kiatu cha farasi. Juu kabisa kuna kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka, na ubavuni mwa kanisa kuna bustani inayoitwa The Prospect. Ukisimama pale jioni ya mwezi wa tano, mto uko chini ya miguu yako, malisho ya kijani ng'ambo, na nyuma yake vilima vya Wales vinafifia kimoja baada ya kingine. Mimi si mtu wa mandhari, nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye kelele. Lakini pale hata mimi husimama.

Bustani ile aliitengeneza mzee mmoja mwishoni mwa karne ya 17, John Kyrle. Hakuoa, hakuwa na mtoto, alikuwa na fedha za kiasi tu, akazitumia kwa mji. Alipanda miti, akawaletea watu maji, akasaidia maskini, akasuluhisha ugomvi. Alifariki mwaka 1724 akiwa na miaka 87, na mpaka leo wanamwita Mtu wa Ross. Mshairi Alexander Pope alimsifu katika shairi, ndipo nchi nzima ikamjua. Nampenda yule mzee kwa jambo moja: mandhari ile nzuri kuliko zote aliifanya ya watu wote. Hakujijengea nyumba pale. Mtalikumbuka hili mbele.

Baada yake ukaja utalii. Mwaka 1745 kasisi wa Ross, John Egerton, alianza kuwapakia wageni wake kwenye mashua na kuwateremsha mtoni watazame majabali na magofu. Mwaka 1782 mwandishi William Gilpin akatoa kitabu juu ya safari ya mto huo huo, na watu wenye nafasi wakaanza kumiminika. Safari ya siku mbili kutoka Ross mpaka Chepstow, chakula ndani ya mashua, mwavuli wa jua, na daftari la kuchorea picha. Kwa hiyo mkiona wastaafu wa leo na kamera zao msidhani ni jambo jipya. Mji ule umekuwa ukiuza mandhari kwa karibu miaka 280.

Sasa kwa nini wanahamia, badala ya kuja na kurudi?

Sababu ya kwanza ni hesabu, ingawa hawaitaji kwanza. Mtu amenunua nyumba pembeni mwa London au Birmingham akiwa kijana, amelipa mkopo miaka 25, nyumba imepanda bei mara nyingi. Akistaafu anaiuza, ananunua nzuri zaidi Ross, na chenji inabaki ya kulia maisha. Sisi tunaotuma fedha nyumbani kila mwezi hesabu hiyo tunaielewa haraka sana.

Ya pili ni udogo wa mji. Duka la dawa, bucha, duka la vitabu, posta, daktari wa familia, kinyozi, vyote viko ndani ya mwendo wa dakika kumi. Katikati kuna jengo la soko la mawe mekundu la karne ya 17, limesimama juu ya nguzo, na siku za soko wazee hukutana chini yake kama wanavyokutana wazee wetu barazani, tofauti ni kwamba hapa huagana baada ya dakika tano kwa sababu ya baridi. Chini mtoni kuna njia tambarare ya kutembea, na ukishafika umri wa pensheni basi unapanda bure baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Yote hayo kwa mtu wa miaka 66 mwenye magoti mazima ni neema tupu.

Ya tatu ni wenzao. Takriban mtu mmoja kati ya wanne Herefordshire amevuka miaka 65, ilhali kwa England nzima ni chini ya mmoja kati ya watano. Kwa hiyo mzee haoni aibu kuwa mzee. Kuna kwaya ya wazee, darasa la kuchora, kundi la kutembea, kundi la kusoma vitabu, na bustani zinazoshindana. Bibi mmoja aliniambia alipokuwa London, akisimama dukani kutafuta sarafu, watu nyuma yake walikuwa wakihema kwa hasira. Hapa wote wanatafuta sarafu.

Halafu kuna mabenchi. Naomba mnivumilie hapa, maana mabenchi nayapenda. Kandokando ya mto na kule juu bustanini yapo mengi, na mengi yana kibao kidogo cha shaba chenye jina la marehemu: fulani aliyepapenda hapa. Mara ya kwanza nilidhani ni makaburi, nikakataa kukaa. Mwenzangu wa zamu akacheka mpaka akatoa machozi. Ni sadaka, kwa kweli, ijapokuwa wao hawaiiti hivyo. Mtu amekufa, watoto wametoa benchi, na mpita njia aliyechoka anapumzika. Mama yangu nilipomweleza alisema: "Basi hao wanaelewa sadaka ya kuendelea." Sasa nakaa. Huwa nasoma jina kwanza, namwombea, ndipo nafungua kibakuli changu.

Lakini kazi yangu haiko kwenye mabenchi.

Kuna nyumba moja kwenye mteremko, dirisha lake la juu linauona mpindo wote wa mto. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 84, mwalimu mstaafu. Yeye na mumewe walikuja Ross mara ya kwanza kwa fungate, wakarudi kila mapumziko, na walipostaafu wakauza nyumba yao ya kusini wakaja moja kwa moja. Waliichagua nyumba ile kwa ajili ya dirisha. Kutoka geti mpaka mlangoni kuna ngazi 31, nimezihesabu, maana nazipanda na mkoba wa dawa mara mbili kwa wiki. Walikuwa na miaka 65 walipoinunua. Nani anahesabu ngazi akiwa na miaka 65?

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva. Uingereza ukifika miaka 70 leseni unaihuisha kila baada ya miaka mitatu, na unatakiwa kutaja maradhi yako mwenyewe. Macho yake yakaanza kufifia katikati, akairudisha leseni kwa heshima zake. Yeye mkewe hakuwahi kuendesha tangu alipopata ajali ndogo zamani. Kuanzia siku ile mji mdogo ukawa mkubwa. Reli nayo haipo. Treni ya Ross ilisitishwa mwaka 1964, na stesheni za karibu ziko miji mingine. Hospitali yenye huduma ya dharura iko Hereford, kiasi cha kilomita 25. Si mbali, mtu akiwa na gari. Bila gari, na basi likipita saa kwa saa, miadi ya macho ya robo saa inakula siku nzima.

Kisha mume akapata kiharusi, akafariki. Binti yao yuko Australia, wa kiume Leeds. Sasa bibi ana kidonda cha mguu ambacho tunakifunga bandeji za kubana, kinafunga, kinafunguka. Ngazi 31 hazimfai. Amekaa ndani tangu mwezi wa kumi na moja. Siku moja nilipokuwa napiga magoti kumfunga mguu, akaniambia huku anatazama nje, "Mto nauona vizuri sana. Kuufikia ndiyo siwezi."

Nikamwonyesha picha za Bweni. Wagonjwa wangu wananijua, mazungumzo yetu yanapita mipaka ya bandeji. Akavaa miwani, akazitazama kwa muda mrefu, akasema ni pazuri kuliko hapa. Kisha akauliza swali ambalo baba watoto hakuliuliza, mdogo wangu hakuliuliza, na mimi nilikuwa sijafikiria kuliuliza: "Nani kati yenu anaendesha gari, na akitangulia yeye itakuwaje?"

Baba watoto ni dereva wa lori. Mimi naendesha kwa sababu ya kazi, lakini niliposhika usukani Tanga mara ya mwisho nilimgonga mbuzi.

Msinielewe vibaya. Nilimuuliza kama anajuta, akakasirika kidogo. Walikuwa na miaka 14 ya furaha pale, alisema, wakitembea kando ya mto kila asubuhi isipokuwa siku za mafuriko, na mimi nikiandika nisiisahau hiyo miaka 14. Nimeiandika.

Mafuriko ndiyo jambo ambalo wakala wa nyumba halipigii picha. Februari 2020 dhoruba waliyoiita Dennis ilipoleta mvua Wales, Wye ilipanda Hereford zaidi ya mita 6, kiwango ambacho hakijawahi kupimwa pale. Malisho ya Ross yakawa ziwa. Tulifanya ziara kwa kuzunguka barabara za mbali, mgonjwa wa dakika kumi akawa wa saa moja. Na mto wenyewe unaumwa. Mabonde yake yamejaa mabanda ya kuku kwa mamilioni, mbolea inaingia majini, na kiangazi maji yanageuka kijani na majani ya mtoni yanakufa. Mwaka 2023 wataalamu wa mazingira wa serikali waliushusha daraja, wakasema hali yake mbaya na inazidi. Watu waliohamia kwa ajili ya mto sasa wanapima maji kwa vichupa kila wiki, wazee wa miaka 75 wamevaa mabuti ya mpira. Hao nawavulia kofia.

Kuna na hili la nani anawaosha. Wazee wamekuja wengi, vijana wameondoka kutafuta kazi na nyumba za bei wanayoiweza. Kwa hiyo anayekuja asubuhi kumvalisha soksi mwalimu mstaafu ni dada wa Zimbabwe, au kijana wa Kerala, au mwenzetu wa Kenya anayeishi Gloucester na kuamka saa kumi alfajiri. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe huduma hiyo. Ile chenji ya nyumba ya London huishia hapo, soksi kwa soksi.

Sasa nimsimulie mzee wangu mwingine, wa miaka 88, fundi bomba mstaafu. Huyu anaishi chumba na sebule kwenye barabara ya nyuma, tambarare, karibu na maduka. Dirisha lake linatazama ukuta wa mtu. Kila siku mvua isiponyesha anasukuma fremu yake yenye magurudumu mpaka mtoni, anakaa kwenye benchi ya marehemu fulani, anarudi kwa chai. Nikamuuliza kwa nini hakununua kwenye mandhari kama wenziwe. Akanishangaa. Mto haumilikiwi na mtu, akasema, sasa kwa nini aulipie dirishani wakati uko pale bure?

Nikarudi nyumbani na vichwa hivyo viwili, vya bibi wa ngazi na mzee wa fremu, nikamkuta baba watoto ameshachora ramani ya nyumba nyuma ya bahasha. Baraza kubwa inayotazama mtoni. Chumba cha wageni. Banda la mashua! Mtu hajui kuogelea.

Niwaambie ukweli wasomaji, sikuwa na moyo wa kumkatisha. Amefanya kazi usiku miaka tisa. Watu wanaofanya kazi usiku wanahitaji picha ya mahali fulani. Kwa wengi wetu picha hiyo ndiyo inayotuamsha saa tisa usiku, na mtu akikugusia hapo amekugusa pabaya. Yeye mwenyewe asili yake ni Pangani, babu yake alikuwa na minazi Bweni. Kwake hicho si kiwanja cha mandhari, ni kurudi. Nikamwambia tu, "Baba watoto, tukiwa na miaka 68 tutakwenda. Tukiwa na 84 tutakuwa tunaishije?"

Akasema mimi nina tabia ya kuona wagonjwa kila mahali.

Tukakaa tukafanya hesabu, tena kwa kalamu. Kwa umri wetu pensheni ya serikali ya hapa itaanza tukiwa na miaka 68. Kupata kamili unahitaji michango ya miaka 35, na pungufu ya miaka 10 hupati kitu. Inaweza kulipwa hata ukiwa Tanzania au Kenya, lakini hili wengi hawalijui, ukiwa huko inaganda. Wenzako waliobaki Uingereza wanaongezewa kila mwaka, wewe unabaki na kiwango kilekile ulichoanza nacho mpaka kaburini, kwa sababu nchi zetu hazina makubaliano ya nyongeza na Uingereza. Ile ya kazini kwangu, ya uuguzi, haigandi, inapanda popote ulipo. Na matibabu ya bure ya hapa yanakwenda na kuishi hapa. Ukishahama kabisa, haki hiyo unaiacha uwanja wa ndege. Ninyi mlioko Doha na Dubai kwa mikataba, ambako kazi ikiisha na ukaazi unaisha, mmeshaishi na hesabu za namna hii siku nyingi. Sisi wa Uingereza ndio tunaojidanganya kwamba tuna muda.

Halafu nikampigia mdogo wangu. Nikamwomba afanye mambo mawili. La kwanza, apime kwa hatua kutoka kigingi cha chini cha kiwanja mpaka maji yanapofika yakijaa. La pili, amchukue mama, waondoke kiwanjani kwa miguu mpaka hospitali ya wilaya iliyo upande wa mjini, wakiwa na saa mkononi.

"Na mama? Na magoti yale?"

"Kwa ajili ya magoti yale."

Mama ana miaka 69. Anakaribiana kabisa na umri tutakaokuwa nao sisi siku ya kuhamia. Alipoelezwa alikubali mara moja, akasema kwanza hajala samaki wa Pangani siku nyingi. Kutoka Tanga ni kama kilomita 50, wakaenda na basi la asubuhi, Jumamosi.

Jibu lilikuja kwa sauti, dakika sita, nusu yake mama anasimulia samaki. Nyingine ndiyo hii. Kutoka kigingi cha chini mpaka maji ni hatua 45. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, kwa hiyo baraza ya baba watoto, na banda la mashua, vyote viko ndani ya marufuku. Karatasi aliyo nayo muuzaji ni barua ya kijiji, na majirani wawili wanasema sehemu ya juu ni ya ndugu yake. Kushuka kilima mama alisimama mara mbili. Kwenye kivuko walisubiri. Jumla, kutoka kiwanjani mpaka mlango wa hospitali, saa moja na dakika kumi, mchana, hakuna mvua, mgonjwa hana ugonjwa.

"Daraja linajengwa," akaongeza mdogo wangu, kwa haki. "Likiisha mambo yatakuwa mengine." Ni kweli, na ndiyo maana viwanja vya Bweni vimeanza kupigiwa picha.

Mama akachukua simu. Akakumbusha habari ya shangazi yake aliyeshikwa na uchungu usiku upande ule, zamani za mitumbwi, na jinsi walivyopiga kelele ng'ambo mpaka mtu akaamka. Mtoto alipona. Akakumbusha pia kisiwa cha Maziwe, ambacho wakati wa usichana wake kilikuwa na mivinje, na leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. "Maji hayana adabu ya kukaa mlipoyaacha," akasema. Halafu akanyamaza kidogo. "Mwanangu, pale juu ni pazuri mno. Nimekaa nimetazama mpaka nimesahau goti. Lakini sikumwona mtu hata mmoja wa kumwambia."

Sauti hiyo nilimsikilizisha baba watoto usiku akiwa anajiandaa kwenda kazini. Akaisikiliza yote, hata ya samaki. Hakusema kitu. Akavaa viatu, akachukua funguo, akaniambia nimwambie shemeji asubiri kwanza asilipe.

Nilidhani yameishia hapo, na usingizi haukuja vizuri. Mtu anaweza kuwa sahihi akajisikia mwizi.

Wiki iliyofuata ikaingia picha nyingine, si ya mdogo wangu, ya mama. Mama hajui kupiga picha, nusu ni kidole chake. Kilichobaki ni kiwanja kidogo cha mchanga, upande wa mjini Pangani, nyuma ya msikiti. Mwembe mmoja, kisima, ukuta wa jirani, na wanawake wawili wamekaa kibarazani wanachambua mchele, mmoja anapunga mkono. Hakuna mto. Mama akaandika, au aliandikiwa, kwamba hospitali ni mwendo wa dakika nane kwa magoti yake, kwamba mwenye kiwanja ana hati, na kwamba wale wawili wameshauliza tunakuja lini.

Baba watoto aliitazama ile picha akiwa amesimama jikoni na kikombe mkononi. Akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena kwenye kona.

"Hapo mto unaonekana?"

"Mdogo wangu anasema ukipanda juu ya paa."

Akanywa chai. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akachukua ile bahasha yenye ramani akaigeuza upande wa pili, uliokuwa mweupe.

"Paa," akasema, "linaweza kuwa la kukalia. Lakini muulize mama ngazi ngapi."

Mwezi ujao, inshallah, chanjo.